Namba Haiendi kwa Mkubwa Uchi

Ipo nchi ambayo haipakani na yetu kwa upande wowote, wala haina balozi hapa, na ndiyo maana naweza kuisimulia bila kugeuka nyuma kutazama nani anasikiliza. Inaitwa Mwendapole. Watu wake ni watulivu, barabara zake kuu zina majina ya watu ambao bado wako hai, na serikali yake ina adabu kuliko serikali zote nilizopata kuzisikia. Hilo la adabu msomaji alishike vizuri. Bila hilo, yaliyompata Bi Siwatu Makungu yataonekana kama uzembe wa mtu fulani, na Mwendapole hakuna uzembe wa mtu fulani.

Adabu yenyewe ni hii: namba haiendi kwa mkubwa uchi. Inasemekana kwamba mwaka wa pili wa uhuru karani mmoja alimpelekea Rais Mwasisi idadi ya magunia ya mahindi kama alivyoyahesabu ghalani. Rais akasoma, akanyamaza, akala chakula cha mchana bila kumsemesha mtu. Karani hakufukuzwa wala hakukaripiwa, lakini ule ukimya uliwatia homa Ikulu nzima. Wiki iliyofuata ukatoka waraka: namba yoyote inayopanda kutoka meza moja kwenda meza nyingine sharti ivalishwe. Jambo jema liongezwe kwa asilimia, jambo baya lipunguzwe kwa asilimia. Asilimia ngapi, waraka haukusema. Hilo liliachiwa heshima ya kila mtu kwa aliye juu yake. Kati ya mchambuzi wa daraja la tatu na Waziri kuna meza tisa, na namba ikishafika kwa Waziri huwa imependeza kiasi kwamba aliyeizaa akikutana nayo njiani anaweza kuipisha.

Siwatu ndiye alikuwa mchambuzi wa daraja la tatu wa Mfuko wa Wastaafu. Alikaa ghorofa ya chini, katika chumba kinachotazamana na matangi ya maji, na kazi yake ilikuwa kuzaa namba. Sheria ilimtambua kama mzazi: namba ikue, inenepe, ibadilike sura, saini ya mwisho ilikuwa ya yule aliyeizaa. Wakubwa hawakutia saini. Mkono wa mkubwa, kwa desturi ya kule, ni wa kupungia.

Alikuwa na baba, Mwalimu Makungu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minane akastaafu kwa cheo kilekile alichoanzia. Sababu ilijulikana wilaya nzima. Kila mwaka alipotakiwa kupeleka idadi ya wanafunzi wake aliipeleka ilivyo. Wakiwa thelathini na tisa, aliandika thelathini na tisa. Mwalimu mkuu alimsihi, "Jamani Mwalimu, hata arobaini tu?" Naye alijibu, "Huyo wa arobaini anaitwa nani?" Hakuwahi kupata jibu, wala hakuwahi kupandishwa daraja. Sasa alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Upasuaji hospitalini ulikuwa bure, lakini lenzi za kuwekwa jichoni zilikuwa za kununua, na Mwalimu alikuwa akijinyima katika kila pensheni ili azinunue. Zilibaki pensheni mbili.

*

Mambo yalianza Mheshimiwa Ndalu, Waziri wa Hazina, Wazee na Teknolojia za Kesho, aliporudi kutoka kwenye mkutano ng'ambo. Huko alikuwa amekaa meza moja na bwana mmoja aliyetajirika kwa kununua hisa za kampuni ya chipu za kompyuta. Hawakuzungumza, kwa sababu hawakuwa na lugha moja, lakini Waziri aliiona saa ya yule bwana.

"Ndugu wananchi," alisema uwanja wa ndege, kabla hata hajakabidhiwa shada la maua, "dunia imehamia ndani ya chipu! Sisi tumebaki nje tunabisha hodi! Wazee wetu hawa, waliolijenga taifa kwa jasho, kwa nini pesa zao zilale kwenye majengo ya kupangisha na hatifungani za serikali, ilhali pesa za wazee wa wenzetu zinakimbia? Nasema pesa za wazee nazo ziamke! Zivae viatu!"

Wazee walioletwa kumpokea walipiga makofi. Siku ya pili Mfuko uliamriwa kuuza majengo yote na kununua hisa za kampuni moja ya chipu, iliyo bora. Neno "moja" lilitoka kwa Waziri mwenyewe. Alisema mtu mwenye msimamo haoi kwa majaribio.

Siwatu akapewa kampuni mbili za kuchambua, zote za ng'ambo. Ya kwanza, Zandori, ilikuwa na chipu za kufikiri, zile zinazofungwa kwa maelfu katika kumbi za mashine ili mashine ziweze kujibu maswali ya watu. Ya pili, Belmuto, ilitengeneza chipu za mtandao. Mashine elfu zikiwekwa ukumbi mmoja lazima ziulizane na kujibizana, na chipu za Belmuto ndizo zilizobeba maswali na majibu. Kila mtu aliijua Zandori. Belmuto hakuna aliyeifikiria, kama mtu asivyolifikiria bomba la maji mpaka siku linapokatika.

Akafanya kazi wiki tatu. Aliyoyaona kuhusu Zandori yalimkosesha raha. Bei ya hisa zake ilikuwa mara tisini ya faida yake ya mwaka; yaani mtu akiinunua leo, na faida ikibaki palepale, angesubiri miaka tisini pesa yake irudi. Wastaafu wengi wa Mwendapole hawakuwa na miaka tisini ya ziada. La pili lilikuwa baya zaidi. Zandori ilikuwa na mteja mmoja. Mteja huyo alikuwa kampuni kubwa mno, yenye kumbi za mashine katika nchi ishirini, lakini alikuwa mmoja, na Siwatu aliona magazetini kwamba ameanza kuajiri mafundi wake wa kubuni chipu. Belmuto bei yake ilikuwa mara kumi na nne ya faida, ilikua polepole, na ilikuwa na wateja mia mbili na kumi na wawili.

Akaandika yote hayo katika ukurasa mmoja. Akapendekeza Belmuto, tena kwa sehemu ndogo tu ya pesa, na majengo yasiuzwe.

*

Meza ya kwanza ilikuwa ya Bwana Ngogota, mkuu wake wa kitengo, mtu mwema aliyekuwa akimletea karanga kila Ijumaa.

"Mmoja?" aliuliza Bwana Ngogota, akiuweka ukurasa mbali na uso.

"Mmoja, mzee."

"Siwatu, mimi na wewe tumeheshimiana siku nyingi. Unataka nipande ngazi na mteja mmoja mkononi? Nitamwambia nini Mkurugenzi Msaidizi?"

"Kwamba ni mmoja."

Bwana Ngogota akacheka, akidhani ni utani, akaandika watatu. Meza ya pili ilifanya saba. Meza ya tano, ambayo mwenyewe alikuwa akitafuta uhamisho, ilifika sitini.

Zile namba nyingine mbili, tisini na kumi na nne, zilipanda zilivyo, kwa kuwa hakuna meza iliyojua kama ni jambo jema au baya, na zilipofika kwa Kwembe, Mkurugenzi wa Mfuko, hazikuhitaji kuvalishwa. Mkurugenzi Kwembe alikuwa ofisa elimu kabla ya kuteuliwa, na akiona namba aliona alama za mtihani.

"Tisini!" alisema, na chumba kizima cha mkutano kikasimama kwa heshima ya Zandori. "Na huyu mwingine?"

"Kumi na nne, Bwana Mkurugenzi."

"Amefeli."

Siwatu akanyanyua mkono. Alieleza kwa upole kwamba katika jambo hili namba kubwa ni hatari na ndogo ni nafuu. Kwamba tisini maana yake ni hisa ghali. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa maana, kama nilivyosema, ni watu wenye adabu.

"Binti yangu," akasema, "wahenga hawakwenda chuo, lakini walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tena wakasema rahisi huvunja upishi. Huyu wa kumi na nne ana wateja mamia kwa mamia. Hiyo ni kampuni au genge la nyanya?"

Watu wakacheka. Siwatu naye alicheka kidogo, na baadaye alijichukia kwa kicheko hicho.

*

Hata hivyo serikali ile hainunui kitu bila kukikagua. Ujumbe wa watu arobaini na mmoja ukaundwa, wakiwamo wapiga ngoma sita, na Siwatu akachukuliwa kwa ajili ya kubeba fomu. Fomu ya ukaguzi wa kampuni iliyopitishwa kisheria ilikuwa moja tu, ile ya vinu vya kuchambulia pamba, na ilikuwa na maswali kumi na manane: bomba la moshi lina urefu gani, uzio ni wa seng'enge au matofali, walinzi ni wangapi, na je, wenyeji walichinja.

Walianza na Belmuto, ambayo ilikuwa na kiwanda chake. Hapo palitokea jambo la kusikitisha. Mlangoni waliambiwa wavue viatu, wavae mavazi meupe ya kufunika mwili mzima, na wafunike nywele. Meneja wa zamu, kijana mnyenyekevu, alieleza kwamba chipu ni kitu kidogo mno, na punje moja ya vumbi kutoka kwenye koti la mtu huweza kuharibu mzigo wa siku nzima.

Mheshimiwa Ndalu alisubiri tafsiri, kisha akaomba irudiwe.

"Anasema mimi nina vumbi?"

"Anasema kila mtu, Mheshimiwa. Hata yeye."

"Yeye aseme la kwake. Suti hii nilivaa siku ya kuapishwa."

Hakuingia. Ujumbe nao haukuingia, maana huwezi kuingia mahali mkubwa wako amekataa. Siwatu peke yake aliomba ruhusa ya dakika tano, akavaa, akaona mashine zikifanya kazi ndani ya mwanga wa njano na watu wakitembea taratibu kama walio msikitini, na akapenda alichokiona. Alipotoka alikuta fomu imeshajazwa. Kwenye maoni ya jumla mtu ameandika: *Wana dharau.*

Zandori haikuwa na kiwanda kabisa. Ilikuwa na jumba la vioo ambamo watu walikaa mbele ya kompyuta wakichora. Chipu zenyewe zilitengenezwa na kampuni nyingine, katika nchi nyingine. Wajumbe walitazamana kwa wasiwasi, wengine wakaanza kutafuta bomba la moshi kwa macho. Waziri ndiye aliyewaokoa.

"Hebu fikirini," alisema. "Kampuni haina hata kiwanda, na bado ina thamani yote hii! Itakuwaje siku ikijenga?"

Kwenye fomu, mbele ya swali la bomba la moshi, wakaandika: *Litajengwa.* Mchana walikaribishwa mwanakondoo mzima, na swali la kumi na nane nalo likajibiwa.

*

Jumamosi Siwatu alikwenda kumwona baba yake. Alimkuta amekaa barazani akichambua mchele kwa kuupapasa, maana mawe hakuweza tena kuyaona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona hatua zako nzito?"

Akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Huyo mteja mmoja akiondoka," aliuliza, "wanabaki wangapi?"

"Sifuri, baba."

"Ukiongeza sifuri kwa asilimia hamsini unapata nini?"

"Sifuri."

"Kwa asilimia mia tisa?"

Siwatu aliinuka, akambusu baba yake kipajini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utoto, akaenda zake.

Jumatatu akarekebisha taarifa. Alilifuta lile neno la mteja mmoja, mahali pake akaandika: *Wateja wa Zandori, ukimwondoa yule mkubwa: 0.* Bwana Ngogota akaichukua, akaongeza asilimia ishirini kama kawaida, akatazama. Akaongeza asilimia mia. Akatoka nje kupunga upepo, akarudi, akajaribu kwa kikokotoo cha kitengo kingine.

"Haivai," alisema kwa sauti ya hofu.

Kuipeleka juu jinsi ilivyo hakuweza, na kuibadilisha bila asilimia waraka haukuruhusu. Sifuri ikakaa ghorofa ya chini wiki nzima. Ikapelekwa kwa mwanasheria wa Mfuko, akaandika kwamba sheria haikuliona jambo hili likija. Ununuzi ukasimama. Ikaundwa Kamati ya Kuivalisha Sifuri, ikakutana hotelini siku kumi na moja, na wajumbe wakalipwa posho ya mazingira magumu. Siku hizo zote Siwatu alilala vizuri. Majengo ya wazee yalikuwa bado yapo, pensheni ilikuwa bado ipo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Mwendapole namba iliyozaliwa chini ilikuwa imesimama kwa miguu yake.

Siku ya kumi na mbili Mkurugenzi Kwembe alisimama mbele ya Kamati.

"Mabibi na mabwana," alisema, "tumehangaika bure kwa sababu tumeitazama sifuri kama hesabu. Tuitazame kama binadamu. Sifuri iliyo peke yake ni nini? Ni yatima. Na mila zetu zinasemaje kuhusu yatima? Anatafutiwa mlezi!"

Kamati ikapiga makofi. Sifuri ikapewa mlezi, ambaye ni nne, akaketi mbele yake. Mjumbe mmoja mwenye huruma akaongeza kwamba mtoto asikue bila ndugu, ikapewa na sifuri nyingine. Wateja wakawa mia nne.

*

"Hapa," alisema Mkurugenzi Kwembe, akimwonyesha Siwatu mstari wa saini. Walikuwa wawili tu ofisini, na alikuwa amemwagizia chai.

"Bwana Mkurugenzi, hawa watu mia nne hawapo."

"Mbona unasema hawapo ilhali umewazaa mwenyewe? Wamekua tu. Wewe hupendi watoto wakue?"

"Wazee watalia."

"Usiseme hivyo. Hatukulazimishi, binti yangu. Mwendapole hakuna anayelazimishwa. Mwenzako Mtoro alikataa kutia saini mwaka juzi, na leo ni mkuu wa Kituo cha Kupima Mvua, Jangwa la Kaskazini. Mwezi jana ameleta taarifa ya mvua tatu kubwa. Ameshazoea."

Siwatu alifikiria mengi kwa muda mfupi. Mshahara wake ndio ulionunua dawa ya matone ya baba yake, na ndio uliomlipa mama wa jirani anayempikia. Kutoka jangwani hadi barazani kwa Mwalimu ni safari ya siku mbili. Akajiambia kwamba asipotia saini yeye atatia mwingine. Akajiambia huenda yule mteja asiondoke. Akajiambia mengine ambayo mtu hujiambia akiwa ameshaishika kalamu.

Akatia saini. Ilitoka nzuri, kama ya siku zote, na hilo ndilo lililomwumiza njia nzima alipokuwa akirudi nyumbani.

*

Miezi minne baadaye, asubuhi ya Jumanne, yule mteja alitangaza kwamba ameanza kutengeneza chipu zake mwenyewe na anawashukuru Zandori kwa ushirikiano mwema. Katika siku tisa hisa za Zandori zilipoteza themanini na tatu katika kila mia. Belmuto iliendelea kukua polepole; mashine za yule mteja nazo zilikuwa na haja ya kuulizana.

Siwatu akaandika: *Hasara: asilimia 83.* Akaisukuma juu, kwa maana ndiyo kazi.

Hasara ni jambo baya, na jambo baya hupunguzwa. Bwana Ngogota akafanya sitini. Meza ya tatu ikafanya arobaini na moja, ya tano tisa, ya saba moja na nusu. Meza ya nane, kwa heshima tele, ikafikisha sifuri. Hapo zamani wangekwama, lakini sasa uzoefu walikuwa nao. Sifuri ikatafutiwa mlezi siku hiyohiyo, na kwa kuwa kitu chenye mlezi hakiwezi kuitwa hasara, Waziri alipokea mezani kwake faida ya asilimia arobaini.

Usinidhanie namtetea Mheshimiwa Ndalu nikisema hakudanganya. Alitangaza kilichoandikwa. "Pesa za wazee zimevaa viatu," alisema kwenye redio, na sauti yake ilikatika kwa machozi ya kweli. Akaamuru pensheni ya robo ile ipandishwe kuwa laki mbili na elfu arobaini kwa kila mstaafu, na iitwe Nyongeza ya Shukrani.

Hazina ya Mfuko ilikuwa na pesa za kumpa kila mstaafu elfu arobaini na moja. Jambo hilo lilitatuliwa bila kumsumbua Waziri. Kwenye hati ya malipo iliandikwa laki mbili na elfu arobaini, mkononi mstaafu akapewa kilichopo, na chini kabisa kwa herufi ndogo ikaelezwa kwamba tofauti imehifadhiwa kwa niaba yake kama heshima. Chini ya maelezo hayo palikuwa na saini ya mzazi wa namba. Kwa utumishi wake mwema Siwatu alipandishwa cheo kuwa Msimamizi wa Furaha ya Wastaafu. Alipewa kiti kipya, nyuma ya dirisha la malipo.

*

Siku ya malipo foleni ilizunguka jengo mara moja na nusu. Wazee walikuwa wamevaa nguo za sikukuu. Mbele kabisa, akiwa na fimbo, alisimama Mwalimu Makungu, kwa sababu wenzake walimwomba atangulie. Walisema redio wameisikia, lakini redio si mtu.

"Ni wewe, Siwatu?" aliuliza alipofika dirishani.

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nisomee."

Siwatu alitazama hati. Alikuwa amepanga, kwa wiki nzima, atakachosema wakati huu, na hakukiona tena kilipo. "Laki mbili na elfu arobaini," akasoma.

Akampa pesa. Mwalimu aliweka fimbo kwapani, akazipapasa noti moja baada ya moja, pembe kwa pembe, kama alivyopapasa mchele. Zilikuwa noti nne za elfu kumi na moja ya elfu moja. Akazirudia toka mwanzo.

"Hapa ni arobaini na moja," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, baba."

"Zile za macho?"

"Hazipo. Hazipo, baba, hata za wengine."

"Na huku chini, saini ni ya nani?"

Siwatu aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Angeweza kusema jina la mtu yeyote, mzee asingeliona. "Ni yangu," akasema.

Mwalimu hakufoka, na binti yake alitamani afoke. Nyuma yake foleni ilikuwa imetulia, shingo zimenyooshwa, hata waliokuwa wakikohoa wamejizuia. Kisha sauti ikatoka katikati ya watu, ya yule mwalimu mkuu wa zamani, mzee sasa, anayeegemea begani kwa mke wake.

"Makungu! Wewe ndiye tunayekuamini. Tuambie, wamekupa ngapi?"

Mwalimu aligeuka taratibu kuwaelekea. Watu wale walimjua. Wengine aliwafundisha, wengine alifundisha nao, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumsikia akiongeza mwanafunzi mmoja darasani kwa miaka thelathini na minane. Akasimama pale, mkono mmoja umezikunja noti, mwingine umerudi nyuma kuushika ukingo wa dirisha, karibu na vidole vya binti yake.

"Laki mbili," alisema, "na arobaini."

Foleni ikalipuka kwa furaha. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele, mwingine akamshukuru Mungu, na wazee wakaanza kusogea mbele kwa kusukumana, wenye magongo na wasio nayo. Mwalimu Makungu aliziweka noti mfuko wa ndani, akauacha ukingo wa dirisha, akashika ukuta na kuufuata kuelekea mlangoni. Siwatu alisimama ili amwite. Lakini aliyefuata alikuwa ameshafika, anatabasamu, na mkono ameunyoosha.